Reli za Pumbao za Kale: Zivunjwe au Zitunzwe?

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo mtu akiziweka pamoja atadhani zinagombana. Moja yasema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Ya kwanza yaeleza tulivyo, na ya pili yatufundisha inavyotupasa kuwa. Baina ya hizo mbili ndipo uliposimama mjadala ambao umewashughulisha watu wa Marekani na Uingereza kwa miaka hamsini na zaidi, juu ya kitu ambacho mtu mzima aweza kukidharau akasema ni mambo ya watoto. Kitu chenyewe ni ile reli ya pumbao iitwayo rola kosta. Je, zile za zamani, zilizojengwa kwa mbao kabla ya vita vikuu vya pili, zivunjwe zipishe mpya, au zitunzwe?

Nakuomba ndugu msomaji usiharakishe kucheka. Katika jambo hili wamo watoto waliokufa, zimo kesi zilizofika mahakamani, yamo mamilioni ya fedha, na limo swali ambalo kila kizazi hulazimika kulijibu: kilichojengwa na waliotutangulia kikaingia mikononi mwetu, nani ana haki ya kukiangusha, na kwa sababu gani?

NI KITU GANI HIKI?

Aliyewahi kupanda pembea za Idd pale Makadara, Mombasa, ameonja tone moja la bahari hii. Na afikirie sasa kwamba mahali pa pembea imejengwa reli juu ya msitu wa nguzo, inayopanda mlima na kushuka bonde, ikapinda na kurudi ilikoanzia. Watu hukaa ndani ya mabehewa madogo yaliyo wazi. Mnyororo huyavuta mabehewa polepole hadi kileleni, kisha huyaachia. Tangu hapo hapana injini tena wala dereva wa kuyaendesha. Ni uzito wao wenyewe na mteremko tu. Roho hupanda kooni, kelele zikavuma, na baada ya dakika mbili hivi mtu ameshuka, miguu ikimtetemeka, naye akitafuta pesa za kupanda mara ya pili.

Asili yake ni Urusi, ambako watu walikuwa wakijenga vilima vya mbao wakati wa baridi, wakavimwagia maji hata yakaganda, kisha wakateleza juu ya barafu. Huko Marekani, mtu aitwaye LaMarcus Thompson alifungua reli yake katika ufuo wa Coney Island, mjini New York, mwaka 1884. Nauli ilikuwa senti tano. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita kumi kwa saa, ambao punda wetu wa Lamu akiamua haushindwi, lakini watu walijipanga foleni kutwa nzima.

Ilipofika karne ya ishirini, fundi mwingine wa Marekani, John Miller, alibuni magurudumu yanayokaa chini ya reli, yakaishika reli kwa chini kama vile yale mengine yanavyoikanyaga kwa juu. Hapo behewa likawa haliwezi kuruka nje ya njia yake, na mafundi wakapata ujasiri wa kujenga miteremko mikali. Miaka ya 1920 ikawa ndiyo enzi ya fahari ya reli hizi. Kisha zikaja shida za kiuchumi za miaka ya 1930, ikaja vita, na nyingi zikaoza au zikauzwa kuni. Mwaka 1959, katika bustani ya Disneyland huko California, ikafunguliwa reli ya mabomba ya chuma yaitwayo Matterhorn, na tangu hapo chuma kikaanza kuitawala kazi hii. Chuma hukubali kupindwa kila namna, hata mtu akageuzwa kichwa chini miguu juu. Mbao, kwa kawaida, hazikubali hayo.

NDUGU WATATU WA CONEY ISLAND

Mtu akitaka kuuelewa mjadala huu hahitaji kwenda mbali na Coney Island hiyo hiyo. Kwa miaka mitatu mfululizo zilijengwa hapo reli tatu mashuhuri: Thunderbolt mwaka 1925, Tornado mwaka 1926, na Cyclone mwaka 1927. Ni kama ndugu watatu waliozaliwa nyumba moja, na kila mmoja akaandikiwa ajali yake.

Yafaa kujua kwanza ni nani aliyekuwa akizipanda. Reli ya abiria ya New York ilifika Coney Island mwaka 1920, na kwa senti tano mfanyakazi wa kiwandani, fundi cherehani au mhamiaji aliyeshuka melini juzi aliweza kutoka katika chumba chake cha joto akafika baharini na watoto wake. Matajiri walikuwa na ufuo wao kwengineko. Hapa palikuwa ni pahali pa mtu wa kawaida kusahau taabu zake kwa siku moja ya Jumapili. Kwa hiyo mtu akisema kwamba reli hizi ni historia, hasemi historia ya wafalme na majemadari. Asema historia ya watu ambao aghalabu hawaachi majumba wala makaburi yenye mnara.

Tornado iliteketea kwa moto mwaka 1977, nayo ikawa imekwisha.

Thunderbolt ilifungwa mwaka 1982. Haikuvunjwa wala haikutengenezwa. Ilisimama hapo miaka kumi na minane, majani yakaikwea na kutu ikaila, na chini yake ikabaki ile nyumba iliyokuwa imejengewa juu yake, kwani walioijenga reli hiyo waliikuta nyumba ya wageni mahali hapo wakaona ni nafuu kupitisha nguzo zao kuliko kuibomoa. Watazamaji wa sinema waliiona nyumba hiyo katika filamu ya Annie Hall ya mwaka 1977. Kisha mwezi wa Novemba mwaka 2000, serikali ya mji wa New York, wakati wa meya Rudolph Giuliani, ikaleta matingatinga ikaiangusha ikisema kwamba ni hatari kwa watu. Wakati huo huo jirani yake palikuwa pakijengwa uwanja mpya wa mpira wa besiboli. Mwenye mali akaenda mahakamani, na mwaka 2003 ikaamuliwa kwamba mji haukuwa na sababu ya haki ya kuivunja. Hukumu ilikuja lakini reli haikurudi. Mwaka 2014 ilifunguliwa hapo reli nyengine, ya chuma, mpya kabisa, nayo ikapewa jina lile lile la Thunderbolt. Jina ndilo lililorejeshwa, mithili ya mtoto anayepewa jina la babu yake asiyemjua.

Cyclone ndiye ndugu aliyesalia. Urefu wake kwenda juu ni kama mita 26, njia yake ni kama mita 800, na mteremko wake wa kwanza umesimama karibu nyuzi 60, yaani mtu aliyekaa behewa la mbele haoni reli, aona shimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa serikali ya mji, na nia ilikuwa ivunjwe ili jumba la kuonyeshea samaki, lililo jirani yake, lipate kupanuliwa. Wananchi wakapiga kelele. Mwaka 1975 ikakodishwa kwa wenye bustani ya pumbao ya Astroland, wakaikarabati ikaanza kukimbia tena. Mwaka 1988 mji ukaitangaza kuwa kumbukumbu inayolindwa na sheria, na mwaka 1991 ikaandikwa katika daftari la taifa la mahali pa historia. Astroland yenyewe ilifungwa mwaka 2008, Cyclone ikabaki. Na kile kiwanja cha besiboli kilichosimama karibu na ilipoangushwa Thunderbolt, timu yake yaitwa Brooklyn Cyclones. Mji uliotaka kuivunja ndio unaojinadi kwa jina lake.

HOJA ZA WANAOTAKA ZIVUNJWE

Haitakuwa insafu tukiwasikiliza wapenzi wa vya kale peke yao. Wanaotaka zivunjwe nao wana hoja, na baadhi ya hoja hizo ni nzito.

Kwanza wasema kwamba ubao ni kitu chenye kufa. Hunywa mvua ukavimba, hupigwa na jua ukapasuka, misumari hulegea, bolti hupata nafasi. Rola kosta ya mbao ni kama jahazi lisilotoka baharini: halina siku ya kusema sasa limetengenea. Mafundi huipitia kila asubuhi kwa miguu kabla ya abiria wa kwanza kupanda, nyundo mkononi, wakigonga na kusikiliza. Wakati wa baridi, bustani zinapofungwa, vipande vizima vya njia huondolewa vikatiwa vipya. Mishahara ya mafundi hao ni fedha, na mafundi wenyewe si wengi. Juu ya hayo iko bima.

Pili, wasema kwamba hizi za zamani humtikisa mtu hata mgongo na shingo vikamuuma, na kwamba vijana wa leo wataka kitu cha mbio na kugeuzwa juu chini.

Tatu, kiwanja. Ufuo wa bahari ni ghali, na mwenye mali hupiga hesabu ya kile kinachoingia.

Nne, na hii ndiyo hoja ambayo hapana mtu mwenye imani awezaye kuipita bila ya kusimama, ni roho za watu. Tarehe 30 Mei mwaka 1972, katika bustani ya pumbao ya Battersea mjini London, mabehewa ya rola kosta ya mbao iitwayo Big Dipper yalikuwa yakivutwa mlimani. Yakaachana na kamba iliyokuwa ikiyavuta, yakaanza kurudi kinyumenyume. Breki iliyowekwa kwa ajili ya kuzuia jambo kama hilo haikuyazuia. Yakashuka kwa kasi, moja likatoka njiani likavunjika. Watoto watano walikufa, na wengine kumi na watatu wakaumia. Reli hiyo haikufanya kazi tena, na miaka miwili baadaye bustani yenyewe ikafungwa.

Mbele ya msiba kama huu, neno la urithi na kumbukumbu huwa halina uzito. Hakuna ubao wowote duniani, uwe wa mwaka gani, unaofikia thamani ya mtoto mmoja.

JE, KOSA NI LA UZEE?

Walakini hapa ndipo inapotupasa kutulia na kupambanua. Ile Big Dipper ya Battersea ilisimamishwa hapo mwaka 1951. Ilikuwa imefanya kazi hapo miaka 21 tu. Wakati huo huo, katika mji wa Blackpool, Uingereza hiyo hiyo, iko Big Dipper nyingine ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1923. Iliukuta msiba wa Battersea tayari ina umri wa miaka 49, ikaendelea kubeba watu, na mwaka 2017 ikaingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Lau uzee peke yake ndio uuao, ingalianguka ile ya Blackpool kwanza.

Na upya nao si hirizi. Mwaka 2000, katika bustani ya Kings Island, jimbo la Ohio, ilifunguliwa rola kosta ya mbao iliyopita zote kwa urefu duniani, kama mita 66, iitwayo Son of Beast. Mwaka 2006 watu zaidi ya ishirini waliumia ndani yake kwa siku moja, kwa sababu ya mbao zilizovunjika katika mihimili yake. Mwaka 2009 ikafungwa, na mwaka 2012 ikavunjwa. Umri wake wa kazi haukutimia miaka kumi.

Ama chuma nacho, tazama Kingda Ka. Ilifunguliwa mwaka 2005 katika jimbo la New Jersey, ikiwa na urefu wa mita 139 na mwendo wa kilomita 206 kwa saa. Wakati huo haikuwako mfano wake duniani. Mwaka 2024 wenyewe wakatangaza kwamba imekwisha, na tarehe 28 Februari mwaka 2025 ikalipuliwa kwa baruti, ikaanguka chini kwa sekunde chache. Iliishi miaka 19. Mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapo, Cyclone ya mwaka 1927 ilikuwa ikingojea majira yake mapya.

Basi mzee na kijana wote hufa, na wote huua, wasipoangaliwa. Kinachotenganisha uhai na msiba ni jicho linalotazama na mkono unaotengeneza.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulikuja mwezi wa Agosti mwaka 2024. Cyclone ilisimama mabehewa yakiwa bado yanapanda, na abiria wakateremshwa kwa miguu. Wakaguzi wa mji wakaona ufa katika gurudumu la meno linalouvuta mnyororo. Wakaifunga. Haikufunguliwa mpaka lilipotengenezwa na wakaguzi wakaridhika, wiki mbili hivi baadaye. Hapakufa mtu. Kwetu sisi jambo hili lina methali yake tayari: usipoziba ufa utajenga ukuta. Battersea walijenga ukuta. Coney Island waliziba ufa.

HOJA ZA WANAOTAKA ZITUNZWE

Wanaozitetea husema kwanza kwamba mpando wenyewe ni tofauti. Reli ya chuma humpeleka mtu kama mshale, kila safari sawa na iliyopita. Reli ya mbao huyumba kidogo chini ya mabehewa, na hubadilika kwa saa na kwa hewa. Jioni huwa na mbio kuliko asubuhi, kwani grisi imepata moto. Hata anayeiendesha kila siku huijua kama nahodha aijuavyo jahazi yake, ambayo haiwi ile ile katika kusi na katika kaskazi.

Hoja ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu zaidi, ni juu ya ujuzi. Katika bustani ya Tivoli, mjini Copenhagen, iko reli ya mbao ya mwaka 1914. Mjini Melbourne, Australia, iko ya mwaka 1912. Katika hizi mbili hakuna breki za kutosha njiani zinazojiendesha zenyewe. Hupanda mtu maalumu pamoja na abiria, akashika mkono wa breki, na yeye ndiye apimaye kwa macho na kwa mwili wake lini auvute na lini auachie. Kazi hiyo haiandikiki kitabuni ikakamilika. Hufundishwa juu ya behewa, mkubwa akamwonyesha mdogo. Siku reli hiyo itakapovunjwa, ujuzi huo nao utazikwa siku hiyo hiyo, na hakuna makumbusho yatakayoufufua.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Ulikuwako mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, kikasafiri pwani hii karne kwa karne. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini kikakoma. Leo atakaye kujua mtepe ulishonwaje hutazama vielelezo vidogo vilivyowekwa makumbusho, na picha, kisha hukisia. Hapana mtu aliyekusudia kuua ujuzi ule. Palikosekana tu aliyeona umuhimu wa mtu mmoja kuendelea kushona.

Hoja ya tatu ni ile ambayo wapinzani wao hawaitarajii: vya kale navyo huleta riziki. Katika mji wa Margate, Uingereza, bustani ya Dreamland ina reli ya mbao ya mwaka 1920. Mwaka 2002 ilitiwa katika orodha ya majengo yanayolindwa, ikawa rola kosta ya kwanza Uingereza kupata heshima hiyo. Mwaka 2008 moto ukaiunguza sehemu yake, na wengi wakasema basi, limekwisha. Wananchi na baraza la mji hawakukubali. Bustani ikachukuliwa kutoka kwa wenyewe kwa nguvu ya sheria, mbao mpya zikapigwa mahali pa zilizoungua, na mwaka 2015 mabehewa yakakimbia tena. Mji ule ulikuwa umechakaa, na reli hiyo ikawa ndiyo bendera ya watu waliotaka kuunyanyua.

Atakuja mtu aulize: ikiwa mbao zimetiwa mpya, je, ni reli ile ile? Mwulizeni fundi yeyote wa majahazi. Jahazi lenye umri wa miaka hamsini lina ubao gani wa siku lilipoteremshwa majini? Pengine mkuku, pengine mataruma mawili matatu. Na hata hivyo hakuna nahodha anayesema kwamba hili si jahazi la baba yangu. Linalodumu ni umbo, jina na namna ya kulitengeneza, na katika hayo matatu la mwisho ndilo roho yake.

NJIA YA KATI

Kumetokea pia wenye kutafuta suluhu. Huko Texas, katika bustani ya Six Flags Over Texas, ilikuwako reli ya mbao ya mwaka 1990 iitwayo Texas Giant, ambayo ilikuwa ikiwaumiza watu migongo. Mwaka 2011 nguzo zake za mbao ziliachwa, lakini njia ya juu ikaondolewa ikawekwa ya chuma. Mpando ukawa laini na mkali zaidi kuliko mwanzo, na bustani nyingine zikaiga. Ni kama mtu aliyezihifadhi kuta za mawe za nyumba ya wazee akabadilisha dari ya boriti.

Njia hii ni nzuri kwa zile ambazo si za kale sana na wala hazina historia ya kupigiwa mfano. Lakini isidhaniwe kwamba chuma kimeondoa wajibu. Mwezi wa Julai mwaka 2013, katika reli hiyo hiyo iliyotiwa chuma kipya, mama mmoja alichomoka kitini akaanguka akafa. Ubao ulibadilishwa, lakini sharti la kuwa macho halikubadilika. Na kwa zile chache zilizo mama wa nyenzake, kama Cyclone au ile ya Copenhagen, kuzivika njia ya chuma ni kuzivunja kwa adabu.

UPEPO WA GHUBA

Mjadala huu usidhaniwe ni wa Wazungu peke yao. Jamaa zetu waliokwenda Ghuba kutafuta riziki wameiona Formula Rossa pale Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010 na mwendo wake wa kilomita 240 kwa saa, ambao ulipita wa reli zote za pumbao zilizokuwako wakati huo. Abiria wake huvaa miwani ya kuzuia vumbi la jangwa. Nchi hizo hazina rola kosta za kale za kuzozania. Zina fedha, zina ardhi, na zashindana kwa urefu na kwa mbio.

Hakuna ubaya. Lakini mashindano ya urefu na mbio yana ila moja: ushindi wake hauna urithi. Aliye wa kwanza leo, kesho atapitwa, na akishapitwa huwa hana sifa nyingine ya kubaki nayo. Kingda Ka nayo ilipitwa kwa mbio. Cyclone haijawa ndefu kuliko zote wala ya mbio kuliko zote kwa miongo mingi, na wala hapana aipandaye kwa sababu hiyo. Watu huipanda kwa kuwa babu yao alimpeleka bibi yao hapo.

NIONAVYO MIMI

Nikiulizwa nitoe neno langu, nitasema hivi. Rola kosta ya kale isipimwe kwa umri wake. Na ipimwe kwa maswali matatu.

La kwanza: je, yuko fundi anayeijua, na yuko mkaguzi asiyekula mkate wa mwenye mali, mwenye uwezo wa kuifunga siku yoyote hata ikiwa ni sikukuu na foleni imefika barabarani? Kama hawako, na ivunjwe kesho asubuhi, bila ya matanga. Mapenzi ya vya kale yasiyo na fundi ni hatari iliyopakwa rangi.

La pili: je, gharama yake ya kila mwaka ina mlipaji anayejulikana, au wategemea huruma? Cyclone ilipona kwa kuwa mji uliimiliki na sheria ikaishika mkono. Kelele za wananchi zilifungua mlango tu. Waliyoiweka hai ni mkataba na mishahara ya mafundi.

La tatu: je, watu bado waipanda? Reli iliyosimama tupu kama picha haikutunzwa. Mbao za kazi hii huishi kwa kufanya kazi, kama chombo kinavyooza upesi zaidi kikilazwa mchangani kuliko kikisafiri.

Iliyojibu ndiyo mara tatu, mwenye kuivunja amewadhulumu waliokuja kabla yake na watakaokuja baada yake. Iliyojibu la, hata kama ni moja tu, ina haki ya kupumzishwa. Lakini liko jambo la tatu lililo baya kuliko kuvunja na kuliko kutunza, nalo ndilo tulipendalo sana wanadamu: kuacha. Thunderbolt haikuuawa na matingatinga ya mwaka 2000. Iliuawa na miaka kumi na minane ambayo kila mtu alipita akaitazama, akasema ni ya fulani, akenda zake. Matingatinga yalikuja kuzika tu.

Na hilo, ndugu msomaji, halihitaji kusafiri mpaka Amerika kulitazama.